Aljebra na kompyuta: lawama za California zimewaangukia wasiohusika

Mwalimu wa hisabati akikuta ubaoni pameandikwa x = x + 1, atafuta bila kuuliza nani kaandika. Ondoa x pande zote mbili, unabaki na 0 = 1. Mwalimu wa kompyuta yeye haoni ajabu: chukua namba iliyomo kwenye x, ongeza moja, irudishe humo humo. Alama ni ile ile ya sawasawa, ila kila mmoja ana maana yake. Ukitaka kujua kwa nini watu wenye akili zao wanagombania kompyuta kwenye vipindi vya aljebra, anzia hapo.

Ugomvi uliovuma ni wa California. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha California kilimfungulia mlango mwanafunzi wa sekondari kusoma sayansi ya data, yaani kuchambua takwimu kwa kompyuta, badala ya Algebra II, somo la aljebra lenye logi na polinomia. Julai 2023 kamati ya chuo hicho inayoshughulikia udahili ikaufunga. Waliopinga walikuwa na hoja nzito. Anayetaka kula mkate wa data atakutana na logi na matrisi apende asipende, na aliyeviruka atagundua akiwa chuoni kwamba njia ya uhandisi ilizibwa akiwa na miaka 16. Walihofia pia kwamba watakaoelekezwa huko kwenye njia nyepesi ni watoto wa maskini. Kwa hilo niko upande wao.

Ila tangu hapo, ukisema kompyuta ndani ya aljebra, mtu anasikia kompyuta badala ya aljebra. Walioumia ni watu kama wa Bootstrap, mradi wa kufundisha aljebra kwa kuandika programu za kompyuta, ulioanzishwa na Emmanuel Schanzer, aliyekuwa mwalimu wa hisabati, na unaoendeshwa katika Chuo Kikuu cha Brown pamoja na Kathi Fisler na Shriram Krishnamurthi. Hawa hawamwondolei mtoto kitu. Anatengeneza mchezo wa kompyuta wenye wahusika watatu: mchezaji, anachokiwinda na kinachomwinda. Na kwa jinsi wanavyofundisha, jina likishapewa namba halibadilishwi tena; ile x = x + 1 haina nafasi. Yaani walioona mgongano wa zile maana mbili na kuukwepa ndio wanaotuhumiwa kuharibu aljebra!

Chukua nauli ya bodaboda, mfano wangu mwenyewe: shilingi 1,000 za kupanda, kisha 500 kwa kila kilomita. Sisi tulizoea kuambiwa "tuseme kilomita ni k", tukakubali kwa adabu tu. Kwa utaratibu wa Bootstrap, mwanafunzi kwanza anaandika fanksheni, yaani kanuni ya kupata jibu kutokana na namba uliyoipa, inapokea nini na inatoa nini. Kisha anaandika mifano: kilomita 2 ni 1000 + 500 × 2, kilomita 7 ni 1000 + 500 × 7. Halafu anazungushia duara kilichobadilika. Ni 2 na 7 tu, mengine yote yametulia. Sasa kipe jina. Hiyo k haikushuka kutoka mbinguni, mtoto kaiona ikizaliwa kwenye mkono wake.

Au rudi kwenye ule mchezo: mchezaji yuko (100, 200) na adui yuko (130, 240). Tofauti ni 30 na 40, kwa hiyo umbali ni 50, na huo ndio unaoiambia kompyuta kama wamegongana. Bila kanuni ya Pythagoras, adui anampitia mchezaji katikati ya mwili na mchezo unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Sijui swali la mtihani lenye adhabu ya haki kuliko hiyo.

Wenye shaka wana historia upande wao. Lugha ya kompyuta ya Logo, ya mwaka 1967, ilisifiwa kwamba itawafundisha watoto kufikiri, lakini mwaka 1984 watafiti Roy Pea na Midian Kurland walionyesha kwamba waliojifunza kuiandikia programu hawakuwazidi wenzao katika kupanga kazi. Mwaka 2015 watu wa Bootstrap walichapisha matokeo yao kwamba wanafunzi walipanda katika maswali ya aljebra ya maelezo. Ni kweli, ngoma hiyo wameipiga na kuicheza wenyewe. Hata hivyo wao hawadai kufundisha kufikiri kwa jumla. Wanadai kitu kimoja kidogo, na wamekifundisha waziwazi.

Kwetu Tanzania namba inayoniuma ni moja: katika Hisabati ya kidato cha nne, matokeo ya 2023 na 2024, aliyefaulu ni kama mmoja kati ya wanne. Kuna wanaoitumia namba hiyo kusema tusimwongezee punda mzigo. Mimi naiuliza wale watatu waliishia wapi, na wengi niliowahi kuwakalisha na daftari waliishia pale pale kwenye "tuseme kilomita ni k".

Utaniambia duara linachorwa kwa chaki, kompyuta ya nini? Sehemu kubwa inachorwa, na shule isiyo na umeme inaweza kuanza kesho. Lakini mtoto akiandika 500 + 1000 × k, kwenye daftari kosa hilo linalala wiki nzima likisubiri mwalimu mwenye madaftari themanini. Kompyuta inaipitia ile mifano yake mwenyewe papo hapo na kumwonyesha: kwa kilomita 2 ulisema 2,000, fanksheni yako imetoa 2,500. Na darasa zima halijasikia.