Rai: kuipanda si kazi, kazi ni kuiua

Mazungumzo ya mazao ya kufunika udongo hayachelewi kufika kwenye nafaka iitwayo rai, na sishangai. Ni ndugu yake ngano, na ni sugu kwelikweli. Mbegu huota hata udongo ukiwa na nyuzi 3 au 4 tu za joto, na miche huvuka baridi kali. Baada ya mavuno unapanda kilo 60 hadi 120 kwa hekta, unafukia sentimita 3 hivi, unaondoka.

Ng'oa mche mmoja utikise. Udongo hauachii, umeshikwa na mizizi myembamba kama nywele. Mizizi hiyo ndiyo kinga ya mmomonyoko, na ndiyo inayofyonza naitreti, yaani naitrojeni inayoyeyuka majini, iliyobaki shambani kabla mvua haijaizamisha.

Wanaonichosha ni wanaoishia hapo kwenye sifa, bila kusema kwamba lazima uiue ili kulipisha zao lako. Joto likirudi, rai hukimbia, na ukizubaa wiki mbili ni mmea mwingine kabisa. Ikiwa changa ina sehemu 25 hivi za kaboni kwa 1 ya naitrojeni. Mabua yaliyokomaa hufika 80. Vijidudu vinavyoozesha mabua hayo hukopa naitrojeni ya udongoni, mahindi yanabaki njano, na lawama zinaiangukia mbegu. Kwa mahindi mimi naiua ikiwa bado fupi, siku 10 hadi 14 kabla ya kupanda. Soya haina shida hiyo, kwa kuwa hujipatia naitrojeni yake kwa msaada wa bakteria wa mizizini, kwa hiyo anayeanza na aanze nayo.

Kuna pia kuilaza kwa rola, silinda nzito inayoponda mabua ili yafe na kubaki matandazo. Hapo nilijifunza kwa aibu: niliilaza masuke ndiyo kwanza yanachungulia, na baada ya wiki mabua yalikuwa yamejikunja kwenda juu kama shingo za bata. Siku hizi nagonga suke kwa kidole. Chavua ikinimwagikia mkononi kama vumbi, naingia na rola. Ukipitiliza mpaka punje zikomae, umejipandia magugu ya mwaka ujao.

Matandazo hayo, yakiwa mazito, hunyima mwanga magugu ya mbegu ndogo, na rai yenyewe hutoa kemikali za kuyadumaza. Ndago haitishiki. Na kemikali hizo hazichagui: karoti au saladi ya kupanda kwa mbegu huumia vilevile, kwa hiyo subiri wiki kadhaa au tumia miche.

Jambo la mwisho ni maji, na hapa sina huruma. Rai iliyo hai hunywa unyevu ambao zao lako litauhitaji. Mvua zikisuasua, siangalii kalenda wala nguvu ya matandazo niliyoyapigia hesabu; naiua siku hiyohiyo, hata kama haijapita kifundo cha mguu.