Lovejoy alikuwa na bunduki, basi asienziwe?

Kila ikija ishu ya kumuenzi Elijah Lovejoy, yule mchungaji na mhariri aliyeuawa Alton, Illinois, usiku wa tarehe 7 Novemba 1837 kisa kupinga utumwa, lazima atokee mtu aseme "lakini jamaa walikuwa na bunduki." Na sio hoja ya kupuuza. Garrison mwenyewe, mpinga utumwa mwenzake, alisikitika kwamba wameshika silaha, na usiku ule mmoja wa wavamizi waliokuja kuharibu mtambo wa kuchapia gazeti la Lovejoy, Lyman Bishop, naye alikufa kwa risasi. Tena Lovejoy alikuwa anawashambulia Wakatoliki vibaya gazetini, hilo wanaomsifia huwa wanaliruka.

Sawa. Ila tuhesabu mitambo ya Lovejoy iliyokwisha kuharibiwa na umati. Wa kwanza ulishushwa gatini Alton Julai 1836, ukalazwa hapo usiku mmoja, asubuhi uko ndani ya mto Mississippi. Wa pili ukavunjwa Agosti 1837. Wa tatu Septemba, mtoni tena. Mitatu! Na mtambo enzi hizo sio printa ya kubeba kwapani, ni chuma kizito kinaagizwa mbali kinaletwa kwa meli, watu wanachangishana hela upya, na hakuna anayefungwa. Sasa wa nne ndo huo uko kwenye ghala la Godfrey na Gilman, wewe ungeenda kulala?

Na sheria walishaiona. Kule St. Louis, 1836, Francis McIntosh, mweusi huru, alifungwa kwenye mti akachomwa moto akiwa hai, halafu jaji (anaitwa Lawless, yaani "asiye na sheria", sitanii) akaliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba kama waliofanya ni umati basi sheria haiwafikii, akageukia kulilaumu gazeti la Lovejoy kwa kuliandika.

Kwa hiyo mi bunduki inanisumbua kidogo sana. Wavamizi walisimamisha ngazi wachome paa la ghala, Lovejoy akatoka kuisukuma, akala risasi tano. Akazikwa siku ambayo angetimiza miaka 35, kaburi halikuwa na hata alama, mnara ukaja kujengwa 1897. Chuo alichosoma, Colby, kinatoa tuzo ya wanahabari kwa jina lake tangu 1952.

Kesi zilipoanza Januari 1838 aliyetangulia kizimbani ni Gilman, kwa kosa la fujo, ndani ya ghala lake mwenyewe. Wakaachiwa wote, walinzi na wavamizi.