Kabla hujakata tiketi ya India, pima konea

Makala kuhusu kwenda India kufanyiwa upasuaji wa macho kwa leza ili kuachana na miwani imetaja bei ya upasuaji peke yake. Ongezeni nauli, viza, chumba cha kulala na mtu wa kukushika mkono, maana saa za mwanzo unaona ukungu mtupu.

Mimi na dada yangu tulitoka Dar kwenda Chennai, wote tumevaa miwani tangu shule ya msingi. Tuliacha lenzi laini za kuvaa juu ya jicho wiki mbili kabla ili konea, yaani ule utando angavu wa mbele ya jicho, irudi kwenye umbo lake. Mimi nikafanyiwa. Jicho halikuuma, ila ile harufu kama ya nywele zinazoungua sijaisahau. Dada akaonyeshwa picha yake kwenye kompyuta, katikati pamejaa wekundu: konea nyembamba, imeanza kuchongoka. Leza ingemharibu zaidi. Alikaa kwenye benchi la korido akilia, miwani mkononi, na nauli ya watu wawili imeshakwenda.

Kipimo hicho cha ramani ya konea kinafanyika hata Nairobi! Hakuna aliyetuambia, na wakala aliyetupangia safari alitaka malipo tu. Jamani, pimeni kwanza hapa karibu.

Halafu macho yangu yalikuwa makavu miezi kadhaa, kila asubuhi kama yana mchanga. Matone nilinunua mwenyewe, hayakuwemo kwenye ile bei. Na nyinyi mliovuka 40, muulizeni daktari kuhusu miwani ya kusomea, kwani leza ya kuona mbali haizuii uhitaji wake.