Lolote litakalotoka kwenye maiki

Kama hujawahi kuwaambia watoto wa darasa la nne washikane mikono, mvulana na msichana, mbele ya wenzao, basi hujaona mgomo. Wengine wanavuta mkono wa sweta mpaka ufunike vidole ndo wanashika, kuna mmoja alimshika mwenzie kidole kimoja kwa ncha za vidole viwili kama ameshika panya aliyekufa, na kuna dada mmoja akaja kabisa mezani kwangu kwa heshima zote, "Mwalimu mi naomba niumwe leo." Sio anaumwa, anaomba aumwe!

Mi nafundisha muziki, na nilikuwa nimeshaamua muhula ule lazima tucheze skwea densi, zile za Kimarekani za watu kupangana mraba. Densi nyingine za kiasili za mataifa tulishazipitia, ile ya Denmark ya kuruka mara saba waliipenda mpaka ikawa kero, kwa sababu ndani yake kuna sehemu ya kuganda kama sanamu muziki ukivuta noti moja ndefu, basi wakawa wanaganda hata kwenye foleni ya choo. Sasa nilitaka kitu cha kuwafanya wasikilize. Na skwea densi ndo yenyewe, maana mchezaji hakariri kitu, kuna mtu anasimama na maiki anatangaza hatua, na wewe unafanya anachosema papo hapo, kesho akitaka anabadilisha mpangilio wote.

Ticha wa michezo, ambaye nilimuomba anisaidie kwa sababu ukumbi ni wake, akaniangalia akasema, "Hii si ngoma ya wale wachunga ng'ombe wa kwenye sinema?" Nikamwambia kaka tulia, hii imeanzia mbali, kuna kadrili, zile densi za mraba za Ufaransa, mle ndani, kuna ngoma za vijijini Uingereza, na huko Marekani waliokuwa wanapiga fidla huku wanaita hatua wengi walikuwa watu weusi, wakiwa watumwa, kwenye sherehe za mabwana zao. Halafu nikamtolea ya Henry Ford, yule yule wa magari, muziki wa jazi ulimkera miaka ya 1920 akaamua kuzifufua densi za zamani kwa pesa yake, akamchukua mwalimu wa densi anaitwa Benjamin Lovett kutoka Massachusetts akampeleka Dearborn, kule Michigan, na 1926 yeye na mkewe wakatoa kitabu cha mafunzo, densi zikaingia mashuleni. Na kule Colorado kulikuwa na mkuu wa shule, Lloyd Shaw, aliyewafundisha wanafunzi wake mpaka akawa anazunguka nao nchi nzima wakionyesha. Nikaongea sana. Yeye katika yote hayo alichoshika ni neno Colorado, na hilo litakuja kunitokea puani baadaye.

Basi tukaanza. Mraba mmoja ni watu wanane, jozi nne, kila jozi upande wake zinaangaliana katikati. Jozi ya kwanza ndo iliyoupa muziki mgongo, halafu unahesabu kwenda kulia mpaka ya nne. Ya kwanza na ya tatu wanaitwa vichwa, ya pili na ya nne ni mbavu, hilo la mbavu ni letu, tulilitunga wenyewe na watoto wakalipenda kupita kiasi. Ule ugomvi wa mvulana na msichana nikaumaliza kwa vizibao vya michezo, bluu anakaa kushoto, njano kulia kwake, ukivaa rangi basi jinsia yako haituhusu. Darasa lina watoto 26, kwa hiyo miraba mitatu na wawili wanabaki, hao wanapiga matari kwa zamu, na ukweli wengi waligombania matari.

Kushoto na kulia kulikuwa kimbembe. Nikawafunga utepe mwekundu mkono wa kushoto, kila mtoto, nikajua nimemaliza. Kumbe wakienda kunawa wanauvua, wakirudi wanauvaa popote! Nikisema mkono wa kushoto kwa jirani, nusu wananyoosha huu nusu ule, wanagongana vifua, wanaanza kushtakiana. Na mgongo kwa mgongo, ile dosido, unapita bega la kulia la mwenzio, mnapeana migongo, unarudi kinyumenyume ulikotoka, hatua nane tu za kistaarabu, wakagundua ukichelewa kidogo pale katikati unaweza kumsukuma mwenzio kwa makalio akaenda mpaka mraba wa jirani. Ya kuzungushana kwa viwiko sitaisema sana. Kiatu kimoja kilitua kwenye kinanda, kikapiga noti mbili na zote zilikuwa kwenye ufunguo sahihi.

Shida kubwa lakini ilikuwa wanasita. Skwea densi inatembea kwa mapigo kama 120 hivi kwa dakika, na hatua nyingi zinakula mapigo nane au kumi na sita, kwa hiyo mtangazaji anatakiwa aseme hatua kabla haijafika, wakati ile ya nyuma inaisha, ili mapigo ya kwanza yakianguka mguu uwe tayari unaondoka. Sasa mtoto akisikia, aangalie wenzake kwanza, acheke, aulize "Mwalimu eti tufanye nini?", muziki umeshapita zamani. Ndo nikaweka sheria, na niliisema kila kipindi mpaka wakawa wanaiimba wao: lolote litakalotoka kwenye maiki mnafanya, hapo hapo, miraba yote, bila kuuliza, bila kuangaliana.

Na ikafanya kazi jamani! Ndani ya muda mfupi wakawa wanaenda kama wameunganishwa waya. Nilikuwa nawachanganya makusudi, nawaita vichwa katikati, nawarudisha, mbavu dosido, wote mzungusheni mwenzio, na wanafika. Ile ya mnyororo ndo ilikuwa inanitoa machozi, bluu wote wanaenda upande mmoja, njano wanakuja upande wa pili, unampa mwenzio mkono wa kulia unampita, anayefuata wa kushoto unampita, kulia, kushoto, mpaka unakutana tena na wako upande wa pili wa mraba. Ikienda vizuri ni kitu kitamu sana kukiangalia. Mkuu wa shule alipita siku moja akachungulia dirishani, akasema hii iende siku ya wazazi.

Siku ya wazazi ukumbi umejaa, viti vimesogezwa mpaka pembezoni mwa sehemu ya kuchezea, wazazi wa mbele magoti yao yako karibu kabisa na mraba wa kwanza. Ticha wa michezo yuko kwenye kompyuta anaendesha muziki, mi niko na maiki isiyo na waya, watoto vizibao vimenyooka, tepe zote kushoto maana nilizikagua mwenyewe moja moja mlangoni. Tukaanza vizuri. Salamu kwa mwenzio, salamu kwa jirani, duara kwenda kushoto, wazazi wanapiga makofi kwenye pigo ambalo si lenyewe lakini tunawasamehe.

Nikaita mnyororo.

Sasa kuna katoto kalikuwa mstari wa mbele kwenye mapaja ya mama yake, ka miaka miwili hivi, kamevaa soksi bila viatu. Sijui kalishukaje. Nilichoona ni kamesimama katikati ya njia kwenye mraba wa kwanza wakati watu wanapishana, na yule bluu aliyekuwa anakuja ameshanyoosha mkono wa kulia bila kuangalia, kama nilivyomfundisha, na kale katoto kakaona mkono, kakaushika. Bluu akakavuta akakapitisha. Anayefuata mkono wa kushoto, kakaushika. Wa kulia, kakaushika! Kakawa kanazungushwa mkono kwa mkono mraba mzima, soksi zinateleza sakafuni, kanacheka kale kacheko ka kukata pumzi, na hakuna hata mmoja wa wale wanane aliyepunguza mwendo wala kubadilisha uso. Mi nimesimama pale nawaza hawa watoto wamekuwa wazuri mno, nimetengeneza mashine.

Lakini mnyororo una watu wanane na sasa wamo tisa, kwa hiyo walipotakiwa kukutana na wenzao, katoto kakakutana na bluu mmoja mrefu, wakashikana kwa promenadi, ile ya kutembea jozi jozi kuzunguka mraba, wanaenda vizuri tu, yeye ameinama kama mzee, na njano wake halali kabaki peke yake katikati amenyoosha mikono anazunguka anatafuta.

Nikasema, na naapa nilidhani nimeishusha maiki, "Mama yake yuko wapi huyu?"

Miraba yote mitatu ikasimama, ikageuka, ikawaangalia wazazi. Watoto 24. Kwa pamoja, kwenye pigo la kwanza. Ukumbi ukanyamaza kidogo, na mama mmoja ambaye hahusiki kabisa akainua mkono.

Muziki unaendelea. Nikamwangalia ticha wa michezo azime, ticha wa michezo ameiacha kompyuta ameshika simu anarekodi, mabega yanamtikisika. Nikachanganyikiwa, nikasema kwa ile sauti ya mwalimu inayotoka yenyewe, "Haya, mtoeni nje huyo mdogo wenu!"

Mraba wa kwanza walielewa, wakakabeba katoto juu juu, wawili kwapani wawili miguuni, wakaenda nako mpaka karibu na mlango. Tatizo ni mraba wa pili na wa tatu. Hawana katoto. Ila amri imetoka kwenye maiki, na sheria inasema miraba yote, bila kuuliza. Nikawaona wanapimana kwa macho, haikuchukua hata mapigo manne, mraba wa pili wakamdaka binti mmoja mwembamba mwenye miwani, mraba wa tatu wakamdaka kijana mmoja ambaye kitu anachokichukia duniani ni kuambiwa mfupi, wakawanyanyua, wakawapeleka. Binti alikubali, alikunja mikono kifuani kama maiti mheshimiwa. Yule kijana alikuwa anapiga mateke hewani anapiga kelele "Mi sio mdogo! Mwalimu mi sio mdogo! Mpimeni na yule!" Na wale waliombeba walikuwa wanatembea kwa hatua za promenadi, mguu mmoja kila pigo, hawakuangusha hata moja.

Wazazi wakasimama wakapiga makofi. Walidhani ndo yenyewe.

Kwa hiyo nina watu watatu mlangoni wamepangwa mstari, mwenye miwani, wa mateke, na katikati yao katoto kameshika mkono wa kila mmoja na hakana habari. Nikajisemea ngoja niokoe jahazi, nikaita kwa upole, "Wadogo, rudini nyumbani," kwa sababu nyumbani kwenye skwea densi ni pale mahali pako ulipoanzia. Aliyefika wa kwanza ni katoto! Kalikimbia moja kwa moja mpaka pale pembeni kwa bluu wake mrefu, kakasimama kulia kwake, upande sahihi kabisa, upande ambao nilikuwa nimewafundisha darasa la nne kwa tepe na vilio. Mama yake, sasa yule wa kweli, akaingia kukachukua, na mimi mdomo ulikuwa umeshatangulia, nishaita mzungusheni mwenzio, akadakwa kiwiko na yule njano aliyekuwa hana mtu. Mkoba wake ukawa unazunguka kwa juu, watu wa mstari wa mbele wakainamisha vichwa kila ukipita. Alizungushwa mapigo nane kamili akaachiwa akiangalia upande mwingine.

Tukamaliza kwa salamu. Wote tisa na mama, wakainama.

Mkuu wa shule kwenye hotuba yake akasema amefurahishwa na nidhamu, na hasa ile hatua ya kuwatoa wadogo na kuwarudisha, akageuka kwangu akauliza mbele ya kila mtu inaitwaje. Kabla sijafungua mdomo ticha wa michezo akasema kwa sauti, uso mkavu, "Hiyo ni Colorado, Mkuu." Mkuu akaandika kwenye kidaftari chake. Akasema kwenye mahafali anaitaka tena, Colorado, ila safari hii mara mbili.

Mama wa yule kijana wa mateke alinifuata nje nikajua nimekwisha, nikaanza kutafuta maneno, kumbe anataka tu kujua vigezo, mwanae kamwambia alipimwa kwa macho na anakata rufaa. Wakati namjibu nikasikia mtu ananigusa bega, ni mama wa katoto, nywele zote zimeenda upande mmoja, katoto begani kamelala fofofo, akaniuliza, "Samahani mwalimu, mazoezi huwa siku gani?"