Kitunguu cha Malari na neno "kugundua"

Mwaka 2021 jarida la mimea la PhytoKeys lilitangaza spishi mpya ya kitunguu mwitu kutoka Himalaya ya magharibi, upande wa India. Jina lake la kisayansi ni Allium negianum. Huota kati ya mita 3,000 na 4,800 juu ya usawa wa bahari, kwenye nyanda za majani ambazo wenyeji huziita bugyal na kwenye mchanga wa kandokando ya vijito, mahali ambapo theluji ikiyeyuka huzoa mbegu na kuzisambaza. Habari ziliposambaa, vichwa vikasema "kimegunduliwa".

Na nani? Wakazi wa Malari, kijiji cha bonde la Niti karibu na mpaka wa Tibet, walikuwa wakikichuma, wakikianika na kukitia kwenye chakula kabla mtafiti yeyote hajafika na daftari. Hao ni Wabhotia, watu ambao kwa vizazi vingi wamekuwa wakipanda mlimani majira ya joto na kushuka mabondeni baridi inapokaza, na ambao walifanya biashara na Tibet hadi vita vya India na China vya mwaka 1962 vilipoifunga njia. Watafiti wenyewe, kutoka taasisi ya taifa ya India inayohifadhi rasilimali za vinasaba vya mimea, hawakuficha jambo hili. Walieleza kuwa katika kazi yao walikuwa wakisikia majina kama phran, jambu, sakua, sungdung na kacho, yote ya vitunguu vya kiungo, na kwamba sokoni kile cha Niti kilisifiwa kuliko vingine. Kwa maneno mengine, soko lilishakitofautisha. Sayansi ilifika nyuma ya pua za wanunuzi.

Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Wapo wanaosema huu ni uporaji wa heshima tu: mtu anakula kitu maisha yake yote, kisha anakuja mwenye darubini, anakipa jina la Kilatini na kujiita mgunduzi. Wapo wanaojibu kwamba kukila kitu si sawa na kukijua. Mimi naona wa kwanza wana haki kuhusu neno, na wa pili wana haki kuhusu kazi. Lakini kuna mambo ambayo pande zote mbili huyaruka.

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Mswahili anasema kitunguu maji, anasema kitunguu saumu. Neno la kwanza linataja ukoo, la pili linambainisha mmoja wa ndugu. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alipochapisha orodha yake kubwa ya mimea mwaka 1753, alifanya hivyo hivyo: Allium cepa, Allium sativum. Kwa macho, vitu hivi viwili havifanani sana. Kimoja ni tunguu moja la tabaka juu ya tabaka, kingine ni punje zilizofungwa pamoja. Lakini aliyevitwanga vyote kinuni anajua kwamba harufu inasema ni ndugu. Hakuhitaji kusubiri Sweden. Na hayo majina ya Linnaeus yenyewe ni ya jikoni: cepa ni kitunguu na allium ni saumu katika Kilatini cha Warumi. Ujuzi wa mpishi wa Kirumi ukawa sayansi, ujuzi wa mpishi wa Malari unabaki "majina ya kienyeji".

Sasa, kazi yenyewe ni ipi? Ili spishi ikubalike, sheria za kimataifa za kutaja mimea zinadai mambo machache yasiyo na mjadala. Lazima kuwe na sampuli moja mahsusi, iliyokaushwa, ikabandikwa kwenye karatasi na kuwekwa hebaria, yaani ghala la mimea mikavu. Hiyo ndiyo rejea ya jina milele, hata kama maelezo yote yakija kuonekana na makosa. Lazima kuwe na maelezo ya kinachoitofautisha na jamaa zake. Hadi mwisho wa mwaka 2011 maelezo hayo yalipaswa kuwa ya Kilatini. Tangu Januari 2012 Kiingereza nacho kinaruhusiwa. Kihindi hakimo. Kiswahili hakimo.

Kwa vitunguu, tofauti zenyewe ni za kutafutwa kwa subira. Jenasi ya Allium, yaani ukoo mzima wa vitunguu, ina takriban spishi 1,100 duniani, na India peke yake ina kama 35 hadi 40. Unaangalia ngozi inayofunika tunguu: rangi yake, na kama ni laini au ina nyuzi. Unaangalia jani, kama ni bapa au lina uwazi ndani, na ua, kwa umbo na ukubwa wa petali zake. Kitunguu cha Malari kinafanana sana na Allium przewalskianum, spishi iliyotapakaa Himalaya na uwanda wa juu wa Tibet, na watafiti walikitenga kwa sifa za aina hiyo pamoja na ulinganifu wa kipande cha DNA kiitwacho ITS. Kisha wakakiweka katika nusu-jenasi ya Cepa, tawi moja la ukoo huo, humo humo kinamokaa kitunguu maji chetu.

Mwenye shaka ana pa kushika. ITS ni kipande kimoja tu cha vinasaba, na mimea inayochanganya damu inaweza kukifanya kisimulie hadithi isiyo kamili. Zaidi ya hapo, huyo jirani, przewalskianum, ana tabia ya kutatiza: baadhi ya mimea yake ina kromosomu 16 na mingine 32, bila mtu kuiita spishi mbili. Kama spishi moja inaweza kubeba tofauti kubwa namna hiyo ndani ya seli, rangi ya ngozi ya tunguu na umbo la petali ni ushahidi wa kutosha? Katika taaluma hii wapo wagawaji, ambao kila tofauti kwao ni spishi, na wapo wakusanyaji, ambao huunganisha walichogawa wenzao. Ugomvi huo ni wa kale na hautakwisha leo.

Lakini shaka hiyo haiwi hoja dhidi ya kuchapisha. Jina la spishi ni dai, na dai lililoandikwa likaambatanishwa na sampuli linaweza kupingwa na mtu yeyote, popote, hata miaka 100 baadaye. Familia nzima ya vitunguu imeshahamishwa: ilikaa miaka mingi na mayungiyungi, ikapewa familia yake yenyewe, na tangu mpangilio wa mwaka 2009 imeingizwa katika Amaryllidaceae. Vitunguu havikusogea hata hatua moja, makabrasha ndiyo yaliyohama.

Na kuna faida ambayo jina la sokoni haliwezi kuitoa. Nchini Nepal neno jambu linabeba spishi zaidi ya moja, zikiwemo Allium hypsistum na huyo przewalskianum. Kwa anayeunga dengu kwa samli hilo halina shida, kwani vyote vinanukia. Kwa anayetaka kujua kipi kinapungua, ni shida kubwa, maana kimoja kinaweza kutoweka kabisa huku jina likiendelea kuuzwa. Huwezi kuingiza katika orodha ya mimea iliyo hatarini kitu ambacho hakina jina lake peke yake. Kuna pia suala la sumu. Barani Afrika, Tanzania ikiwemo, hupatikana mimea ya jenasi ya Drimia yenye tunguu kubwa kama kitunguu, lakini ndani yake kuna kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo. Amerika Kaskazini nako upo mmea wa sumu ambao watu huuchimba wakidhani ni kitunguu mwitu. Kugawa mimea kwa makini si anasa ya maprofesa.

Jina lenyewe limezua hoja ya pili. Negianum ni kumbukumbu ya Kuldeep Singh Negi, mtafiti wa India aliyetumia maisha yake kukusanya vitunguu vya nchi hiyo. Mwaka 2023 kundi la wanasayansi lilitoa wito kwamba kutumia majina ya watu kwa viumbe kukomeshwe kabisa, kwa sababu sehemu kubwa ya majina hayo ni ya Wazungu wa enzi za ukoloni. Ukiwatazama majirani wa kitunguu hiki utawaelewa: przewalskianum ni Przhevalsky, ofisa wa jeshi la Urusi, wallichii ni Wallich, Mdenmaki, stracheyi ni Strachey, Mwingereza. Milima ni ya Wahimalaya, majina ni ya wasafiri.

Hata hivyo naona ni kichekesho kuufunga mlango wakati huu hasa, Mhindi wa kwao anapoingia. Kama ni kusafisha, kuna uchafu halisi wa kuanza nao, na umeanza kusafishwa: Julai 2024, katika mkutano wa wanabotania mjini Madrid, kura 351 dhidi ya 205 ziliamua kwamba majina yenye caffra na mfano wake, katika mimea zaidi ya 200, yabadilishwe kuwa afra. Neno hilo asili yake ni kafiri, hili hili letu tulilolipata kwa Waarabu, ambalo kusini mwa Afrika liligeuzwa tusi la kibaguzi. Hilo ni jeraha. Jina la Negi ni shukrani, na vitu hivi viwili havipaswi kutupwa katika kapu moja.

Kingeitwa jambu basi? Wazo linavutia, lakini kwa ufafanuzi lingekuwa jina baya: tumeshaona jambu ni vitunguu vingi, na katika lugha nyingine za Asia neno hilo hilo ni tunda. Jina la kijiji lingefaa zaidi. Malariense lingesikika kama ugonjwa, nakiri.

Hoja inayonipa taabu zaidi ni ya usiri. Mwaka 1999 wanasayansi walieleza mjusi mpya kutoka kusini mwa China, Goniurosaurus luii, wakataja alikopatikana. Wafanyabiashara wa wanyama wa kufugwa walisoma pia. Ndani ya miaka michache mjusi huyo alikuwa amekwisha mahali hapo pa kwanza. Visa vya aina hii ndivyo vilivyowafanya watafiti wawili mwaka 2017, katika jarida la Science, wawaombe wenzao wasichapishe mahali walipo viumbe adimu. Kitunguu cha Malari kina eneo dogo: bonde la Niti na bonde la Dharma wilayani Pithoragarh, na hakijaripotiwa kwingine duniani. Walioeleza habari zake wenyewe wanahofia kwamba uchumaji holela wa majani na matunguu utakimaliza. Kwa nini basi watangaze kijiji?

Nimejaribu kuitetea hoja hii ya usiri na nimeshindwa. Mjusi yule alitakwa na watu wa mbali ambao hawakujua alipo. Karatasi ya kisayansi ndiyo iliyowapa ramani. Kitunguu hiki kinatakwa na watu wanaojua kilipo kuliko mtafiti. Kuficha bonde la Niti kungewaficha nani? Kungemficha ofisa wa misitu na mhifadhi wa mbegu tu. Hatari ya kweli ni sifa: maneno "kitunguu adimu cha Himalaya" yanaweza kupandisha bei mjini, na bei hupanda mlima haraka kuliko sheria. Hilo silipuuzi. Ila sifa ya Niti ilikuwepo sokoni kabla ya jarida.

Linalobaki ni nani anafaidi, na hapa nahama kidogo upande. Himalaya imewahi kutoa kitunguu mwitu kingine, Allium roylei, ambacho kiliwapa wazalishaji wa mbegu wa Uholanzi jeni, yaani kinasaba, la kuhimili ukungu unaounguza majani ya kitunguu mashambani. Walilivusha jeni hilo hadi kitunguu maji kwa miaka mingi ya kuzalisha na kurudia. Kitunguu cha Malari kiko karibu na kitunguu maji kiukoo, na kwa hiyo nacho kinaweza kutazamwa kwa macho hayo siku moja. India ina sheria ya bayoanuwai ya mwaka 2002, na dunia ina Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika 2014, inayotaka wenye rasilimali na wenye ujuzi wa asili wagawiwe faida. Lakini sheria hizo huuliza ushahidi: ni mmea upi, umetoka wapi, nani alikuwa akiutumia. Bila spishi iliyoelezwa, kijiji hakina cha kudai. Jarida lililotaja Malari, na likataja jambu na sakua, limeacha maandishi ambayo wakili anaweza kuyaweka mezani. Anayesema kuelezwa kwa mmea ni uporaji ajiulize kama kunyamaza kungewaachia Wabhotia chochote mkononi.

Kwa sasa lakini mezani hapana wakili, pana kisu. Jani likikatwa juu ya ardhi, tunguu hubaki na mwakani huchipua. Tunguu likichimbwa, pale pamekwisha, mpaka theluji ilete mbegu nyingine. Wenyeji pia wamezoea kukipanda karibu na nyumba, na huko ndiko mchumaji anaweza kukata apendavyo bila kugusa bugyal. Kuongeza bustani hizo ni kazi ya gharama ndogo kuliko yote niliyoitaja hapa, na haihitaji Kilatini.