Dirisha fiche linakuficha kwa anayetumia kompyuta hiyo baada yako tu

Eti ukifungua dirisha fiche (Incognito) kwenye Chrome, hata Google hawajui umepita wapi? Hapana. Google walishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa jambo hilo hilo, na 2024 wakakubali kufuta rekodi walizokusanya za watu waliokuwa humo. Ukilifunga, kinachofutwa ni historia na vidakuzi (cookies, vijifaili ambavyo tovuti huacha ili zikutambue) vya kwenye mashine hiyo. Tovuti yenyewe inakuona, na mwenye waifai anaona majina ya tovuti unazoingia. Wanaojaza fomu za mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, kwenye stesheneri za Majengo hapa Dodoma wawe macho: kufunga kichupo (tab) kimoja hakutoshi. Likibaki dirisha fiche hata moja, hata kama limeshushwa chini, akaunti yako iko wazi kwa anayekaa kiti hicho baada yako. Na ile PDF ya cheti cha kuzaliwa bado imelala kwenye folda ya Downloads. Ifute, kisha safisha na pipa la taka. Kuhusu kuwaamini watengenezaji wa vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti kama Chrome, mimi naangalia kwanza nani anawalipa. Firefox ilianza kuzuia vidakuzi vya wafuatiliaji wanaojulikana 2019, Safari ya Apple ikazuia vyote vinavyowekwa na tovuti nyingine, si ile uliyoifungua, 2020. Google nao waliahidi kuvizuia 2020, wakaghairi 2024, na biashara yao ni matangazo. Ila hata Firefox, sehemu kubwa ya mapato yake hutoka kwa Google hao hao. Kuna stesheneri yoyote hapa Dodoma inayofungulia wateja dirisha la mgeni (Guest) bila kuombwa?