Skripti Yako Isinichagulie Kivinjari

Kuna mstari ninaokutana nao mara kwa mara kwenye skripti za watu, yaani faili za amri zinazoendeshwa zenyewe: `google-chrome "$url"`. Aliyeuandika alitaka jambo dogo tu, kazi ikiisha linki ya ripoti ifunguke yenyewe. Kwake inafunguka. Kwangu mimi ninayetumia Firefox kwenye Linux, terminali, dirisha la kuandikia amri, inajibu `command not found` na habari inaishia hapo. Na hata Chrome ningekuwa nayo, laptopu ya RAM GB 4 haina hamu ya kubeba vivinjari viwili kwa mpigo, halafu akaunti zangu zote zimo kwenye kile kingine. Ripoti ingefunguka, kisha ingeanza kunidai nywila.

Kinachoniudhi ni kwamba dawa ipo miaka mingi na ni fupi kuliko huo mstari. Kwenye Linux ni `xdg-open` na anwani. Kwenye Mac ni `open`. Kwenye Windows, ndani ya cmd (dirisha lake la amri), ni `start`. Zote tatu zinafanya jambo moja: zinaangalia mwenye kompyuta ameweka kivinjari gani kuwa chaguo-msingi, zinakikabidhi linki, basi. Mwandishi wa skripti anapenda nini, hilo halimo.

`xdg-open` yenyewe wala si mashine ya ajabu. Ni skripti ya kawaida ya sheli, ile programu inayosoma na kutekeleza amri unazoandika kwenye terminali. Andika `less $(command -v xdg-open)` uisome. Utaiona inakagua uko kwenye mazingira gani ya eneo-kazi: ikikuta GNOME inaipa kazi `gio open`, ikikuta XFCE inaita `exo-open`, na isipotambua chochote inajitafutia njia, pamoja na kuangalia kigeu (thamani iliyopewa jina) cha `BROWSER`. Yaani kuna watu walishakaa wakafikiria hali zote hizi kwa niaba yako, nawe bado unaandika jina la kivinjari kimoja kwa mkono.

Nakubali, amri hizi zina vituko vyake. Kikubwa ni alama za kunukuu. Chukua hii:

`xdg-open https://example.com/tafuta?neno=samaki&ukurasa=2`

Kwenye bash, sheli ya kawaida ya Linux nyingi, alama ya `&` maana yake "peleka kazi hii nyuma, tuendelee". Kwa hiyo `xdg-open` inapata anwani inayokomea kwenye `samaki`, na `ukurasa=2` inageuka kuwa kigeu cha sheli ambacho hakuna aliyekiomba. Kivinjari kinafunguka vizuri kabisa, ila ukurasa wa pili hauuoni. Hakuna kosa linaloandikwa, ni `[1]` na namba fulani tu pembeni, na wengi hawaiangalii. Zsh, ambayo ndiyo sheli ya kawaida ya Mac tangu 2019, ni kali zaidi: inaiona `?` ikidhani unatafuta faili, inakosa, inakuambia `no matches found`. Mimi naipenda zsh kwa hilo. Heri ugomvi kuliko kimya. Vyovyote vile, ifunge anwani yako ndani ya alama za kunukuu, kila siku, hata kama ni fupi.

Isipokuwa Windows, ambako ukifanya hivyo kwenye cmd unaingia mtego mwingine. `start "https://example.com"` haifungui tovuti, inafungua dirisha jipya jeusi lenye anwani yako kama kichwa chake, kwa sababu `start` huchukulia maneno ya kwanza yaliyonukuliwa kuwa jina la dirisha. Ndiyo maana watu huandika `start "" "https://example.com"`, na wageni wakiona hizo alama tupu hudhani ni kosa la uchapaji na kuzifuta. Usizifute. Na kama skripti yako itazunguka kwenye mifumo yote mitatu na Python ipo, `python3 -m webbrowser` (kwenye Windows mara nyingi ni `python`) ikifuatiwa na anwani inamaliza ubishi.

Halafu kuna seva. Nikiwa nimeingia kwa SSH, njia ya kuendesha kompyuta nyingine kupitia mtandao, kwenye mashine iliyo mbali, isiyo na skrini wala kipanya, skripti inayong'ang'ania kufungua kivinjari inafungua wapi? Labda itaangukia kwenye w3m au lynx, kivinjari cha maandishi, na kuniziba terminali nzima. Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandika zana: chapisha linki kwanza, ndipo ujaribu kuifungua. Nikiiona nitainakili mwenyewe. `gh`, zana ya terminali ya GitHub (tovuti ya kuhifadhi msimbo), inajua adabu hii: `gh pr view` inakuonyesha ombi la mabadiliko ya msimbo humo humo kwenye terminali, na kivinjari hakiguswi mpaka uongeze `--web`. Linganisha na Create React App, zana ya kuanzishia miradi ya wavuti, ambayo ukiandika `npm start` ilikurushia ukurasa usoni upende usipende, mpaka ujue kuandika `BROWSER=none`.

Najua atatokea wa kusema ukurasa wake umejaribiwa kwenye Chrome peke yake. Sawa, aandike hivyo kwenye README, faili la maelezo ya mradi. Nikiihitaji Chrome nitaifungua kwa mkono wangu.